Linakuja, Anacheka

Ijumaa iliyopita, baada ya Isha, tulitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa uani, huku kwetu Ngamiani, Tanga, mpwa wangu akawasha projekta ya kuazima, tukatazama Frankenstein ya mwaka 1931, ile ya daktari anayeunga viungo vya maiti vikawa jitu hai. Watu wazima tulikuwa sita, watoto sikuwahesabu, birika la kahawa lilikuwepo na kashata za kutosha. Picha yenyewe haina rangi, na sehemu kubwa haina hata muziki wa kukwambia sasa uogope. Mimi nilipewa kazi ya kutafsiri, kama walivyokuwa wakifanya akina Lufufu kwenye kanda za video, na waigaji wao wasio na majina kwenye vibanda umiza vya hapa mjini. Nilidhani dakika kumi hazitapita watoto watadai katuni. Hawakudai.

Aliyekerwa ni mpwa wangu, mwenye projekta. Anasomea mambo ya habari Dar es Salaam na safari hii amerudi na maneno mapya. "Mjomba," akaniambia tukikunja shuka, "hizi mnazozichekea ndizo zilizoifundisha dunia kumwogopa mgeni. Hesabu mwenyewe. Dracula katoka Transylvania. Maiti iliyofufuka imetoka Misri. Zombi wametoka Haiti. Kong katoka kisiwa ambacho hata kwenye ramani hakimo. Fu Manchu Mchina. Nani kazaliwa mtaa wa pili akawa zimwi?" Nilitaka kumtajia Daktari Jekyll wa London, anayejigeuza zimwi mwenyewe, nikaona huo utakuwa ubishi wa kijiweni tu. Hoja yake ilikuwa imesimama.

Nimekaa nayo wiki nzima. Nitaieleza kwa haki, maana haki anayo, kisha niseme kwa nini naona amemkamata mwizi siye.

Chukua Nosferatu, picha ya Kijerumani ya mwaka 1922. Bwana Orlok, mnyonya damu, anaingia mjini kwa meli, na majeneza yake ya udongo, na panya, na tauni inamfuata nyuma. Pua imepinda, kucha ndefu, mabega yameinama. Kwa Mjerumani wa miaka ile sura hiyo haikuwa ngeni. Ndivyo magazeti ya chuki yalivyokuwa yakimchora Myahudi. Mwongozaji wake, Murnau, alikusudia hivyo au hakukusudia, kwangu si kitu. Mwaka 1940 filamu ya propaganda ya Wanazi iliwaonyesha panya, kisha ikawaonyesha Wayahudi, na mtazamaji hakuwa na haja ya kufafanuliwa. Njia alishaonyeshwa zamani.

Au zombi. White Zombie ilitoka 1932, wanajeshi wa Marekani wakiwa Haiti tangu 1915, na hawakuondoka mpaka 1934. Nchi iliyokaliwa kwa mabavu ikageuzwa nchi ya maiti wanaotembea, wanaozungusha kinu cha miwa usiku kucha bila ujira wala malalamiko, na Mmarekani akalipa kiingilio aende kuwaogopa. Mtu wa Tanga mwenye babu aliyekuwa manamba kwenye mkonge hahitaji mchambuzi wa kumweleza kinu kile kinamtafuna nani.

Na Fu Manchu ndiye mbaya kuliko wote. Katika filamu yake ya 1932 anasimama mbele ya wafuasi wake akiwahimiza wamuue mzungu na kuwachukua wanawake wake. Ilitoka wakati sheria ya Marekani ya mwaka 1882 ya kuwazuia vibarua wa Kichina ingali hai. Haikufutwa hadi 1943. Hapo sina utetezi, na sitautafuta.

Lakini tazama ni nani aliyevaa masharubu yale ya Fu Manchu. Boris Karloff, yule yule aliyekuwa jitu la Frankenstein mwaka mmoja nyuma. Kwao London aliitwa William Henry Pratt, na ukoo wake ulikuwa na damu ya Kihindi ambayo hakupenda kuizungumzia. Mtu mmoja, uso mmoja, wageni wawili. Wa kwanza hana hata neno moja la kusema, anaguna tu. Wa pili anasema mwanzo mpaka mwisho. Na ajabu ni kwamba aliye bubu ndiye tunayetoka pale tunamjua. Maneno ya Fu Manchu yote ni vitisho, huachwi naye hata dakika moja ukamtazama bila kuamrishwa umchukie. Basi kama wote wawili wanatoka mbali, na wote wanaua, na wote ni Karloff, mbona mmoja tunamlilia? Mpwa wangu anahesabu zimwi limetoka nchi gani. Mimi nahesabu dakika alizopewa za kukaa peke yake, hajaua mtu, tukamwona.

Nirudi uani kwetu. Mwanzoni watoto walikuwa wakipiga kelele: "Linakuja! Linakuja!" Kiswahili kinajua kutenga mtu na kitu, na jitu, zimwi, dubwana, wote tunawatia ngeli moja na jiwe na debe. Hakuna aliyewafundisha watoto wale. Mabuti yale, kichwa kile bapa na vile vyuma viwili shingoni vilitosha. Hata waliotengeneza picha waliingia kwenye mchezo huo: mwanzoni, yanapopita majina ya wachezaji, palipostahili jina la Karloff pameandikwa alama ya kuulizia, basi.

Kisha ziwani. Maria ni mtoto mdogo, baba yake ameondoka kidogo kwenda kuangalia mitego. Jitu linatokea kwenye majani. Mtoto hakimbii. Anamwendea, anamshika mkono, anampeleka ukingoni, wanapiga magoti. Anampa maua. Anatupa moja majini, linaelea kama mashua. Na yeye anatupa lake, linaelea. Hapo Karloff anacheka. Ni kicheko cha mtu ambaye misuli ya uso wake haijawahi kufanya kazi hiyo, na mikono inatapatapa hewani kwa furaha.

Mtoto mmoja wa jirani, wa miaka saba hivi, aliyekuwa amejificha nusu uso kwa kanga ya dada yake, akasema taratibu: "Anacheka."

Hakusema "linacheka". Wenzake wasimsahihishe. Kuanzia hapo uani kukawa ana-, ame-, ata-, mpaka mwisho wa picha, na mimi mtafsiri nikafuata. Kama ungeniambia kwamba filamu ya kutisha ya zaidi ya miaka tisini inaweza kumtoa kiumbe kwenye ngeli ya mawe ikamtia kwenye ngeli ya watu, mbele ya watoto wa Tanga ambao Kiingereza hawakijui, ningekubishia.

Maua yakamwishia mikononi. Akavitazama viganja vitupu, akamtazama mtoto, naye mzuri kama ua. Akamnyanyua, akamtupa. Hakuelea. Akapapasa maji, akageuka huku, akageuka kule, akakimbia akiyumba.

Sasa, kwa miaka mingi watazamaji hawakukiona kipande hicho. Wakaguzi wa baadhi ya majimbo ya Marekani walikikata kwa sababu ya ukatili, na picha iliporudishwa kwenye majumba ya sinema baadaye, studio nayo iliirudisha ikiwa imekatwa. Kipande kilirejeshwa miaka ya 1980. Waliotazama katikati ya hapo waliona hivi: maua yameisha, jitu linanyoosha mikono kumwelekea mtoto. Kata. Kinachofuata ni baba yake Maria akipita katikati ya kijiji kinachosherehekea harusi, amempakata mtoto maiti, na ngoma zinanyamaza moja moja.

Nisimame hapo, maana hapo ndipo hoja yangu ilipolala. Mkasi haukuondoa kifo. Kifo kipo, kinabebwa mikononi mwa baba mbele ya kijiji kizima. Kilichoondoka ni sekunde chache za kutojua: kwamba alidhani mtoto ataelea, kwamba alitaharuki alipozama. Na tazama mkasi ulivyofanya kazi kinyumenyume. Kicheko kile hakikuguswa, kipo palepale kilipokuwa, lakini kwa kuwa sasa baada yake inakuja mikono inayonyooka na kisha maiti, kimegeuka kicheko cha mwindaji. Maua yamegeuka chambo. Na kwenye pengo lile mtazamaji akajaza mwenyewe mambo ambayo mtu mzima anaona haya kuyataja mbele ya watoto. Mkaguzi alitaka kumwepusha na ukatili mdogo, akamwachia mkubwa wa kujitungia. Mtu aliyetazama Frankenstein mwaka 1950, akatoka anamwogopa mgeni bubu mwenye mikono mikubwa, alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini filamu aliyoitazama haikuwa ile iliyotengenezwa.

Nalijua jaribu hilo, maana usiku ule lilikuwa langu. Jitu halisemi na mimi ni mtafsiri. DJ mtafsiri niliyemfahamu ujanani, kwenye kibanda cha mabati, shilingi yako mkononi, asingekubali ukimya ule upite bure. Angemwekea sauti nzito ya kutoka tumboni: "Leo nakumaliza, kitoto wewe!" Watu wangeshangilia na kiingilio kingelipa. Hakuna aliyekata kitu, ila neno moja limeongezwa, na "anacheka" imerudi kuwa "linacheka".

Jambo jingine mpwa wangu hakulitia kwenye hesabu: ni nani waliokuwa nyuma ya kamera. Studio ya Universal, iliyotengeneza Frankenstein, iliasisiwa na Carl Laemmle, Myahudi mzaliwa wa Laupheim, Ujerumani, ambaye miaka ya 1930 aliweka saini yake na mali yake kuwadhamini mamia ya Wayahudi wakimbilie Marekani. Aliyeubuni uso wa jitu na kuupaka kila asubuhi ni Jack Pierce, mzaliwa wa Ugiriki. Dracula wa 1931 ni Bela Lugosi, Mhungaria, aliyefika Marekani kwa meli mwaka 1920. Kama hujawahi kuitazama Dracula ile, itazame ukitafuta meno. Hutayaona. Lugosi hakuonyesha jino hata moja la kunyonyea damu. Kinachotisha ni adabu yake na lafudhi yake, neno moja moja, kama anayelipia kila silabi. Hapo na sisi watu wa pwani tuangalie vidole vyetu, maana tunavyomcheka mtu wa bara akikosea "r" na "l" tunajua wenyewe.

Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria ya kupanga kila nchi itoe wahamiaji wangapi kwa mwaka. Ujerumani ikapewa 51,227. Hungaria, kwao Lugosi, 473. Ugiriki, kwao Pierce, nchi iliyokuwa ikipeleka watu kwa maelfu na maelfu, ikapewa 100. Mia moja ndiyo ilikuwa chini kabisa, namba wanayopewa wale ambao kwa kweli hatutaki waje lakini hatutaki kusema sifuri. Kwenye orodha hiyo hiyo, shuka mpaka herufi T, utaikuta Tanganyika. Nayo ina 100.

Nimeitazama sana hiyo mia. Mpakaji wa uso unaotambulika kuliko nyuso zote za sinema, mbele ya mlango ule, alikuwa na uzito sawa na mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga ambaye hata hakuwa na habari kuwa mlango upo. Tofauti ni kwamba yeye alishaingia. Sasa chukua watu hao, miaka 7 baada ya mlango kufungwa nyuma yao, uwape kazi ya kutengeneza kiumbe kilicholetwa duniani bila kuulizwa, kisichojua lugha, kinachokimbizwa na kijiji kizima chenye mienge mpaka kinachomewa ndani ya kinu cha upepo. Sisemi waliketi wakapanga fumbo. Nasema ukiniambia hiyo ni picha ya kumchukia mgeni, nitakuuliza mienge inatisha zaidi ikiwa upande gani wa shuka.

Mpwa wangu alipoyasikia haya kwa simu alinikata palipostahili. "Na Kong je, mjomba? Sokwe mnamlilia. Wale watu wa kisiwani?" Kweli. King Kong ya 1933 inamfunga Kong minyororo, inamsafirisha kwa meli, inamwonyesha jukwaani New York kwa tiketi, na anapoanguka kutoka Empire State Building hakuna asiyemhurumia. Hata walioiongoza, Cooper na Schoedsack, walijiweka wenyewe ndani ya ndege inayomuua, na mimi nachukulia hilo kama kukiri kosa. Lakini wenyeji wa kisiwa, waliochezwa na waigizaji weusi, wao wamepewa ngoma, majani kiunoni na kelele. Sokwe ana dakika zake, wao hawana hata moja. Hapo amenishinda. Ila kipimo alichonishindia ni kile kile cha dakika.

Halafu kuna upande ambao orodha yake haikuugusa, nao ni sisi. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 tayari inalo neno mumiani, ikilieleza kuwa ni dawa ambayo, kwa imani ya wenyeji, Wazungu huitengeneza kwa damu ya mtu. Miaka ya ukoloni mumiani akavaa sare ya zimamoto. Hilo silicheki, kwa sababu mtu anayekuja na karatasi asiyoisoma mwingine, akachukua ardhi na nguvu za mwili, umwite nani? Lakini yule mwanamke wa baibui anayeomba lifti Raskazone saa saba usiku, ukitazama chini ni kwato, yeye katuchukulia nini? Naye, angalieni, daima ni mgeni. Sijamsikia mtu akisimulia kwamba jini yule kazaliwa Makorora na mama yake anauza mihogo.

Na tunalipwa kwa kipimo hicho hicho. Kwenye filamu zetu za Kibongo mganga akitakiwa, anatoka Tanga. Mke akitulia na mumewe, ni limbwata, na limbwata ni la Tanga. Ukipanda basi Dar, jirani wa kiti akakuuliza kwenu wapi, ukimjibu, anacheka, kisha anahamisha chupa yake ya maji upande wa dirishani. Anatania, najua. Chupa lakini anaihamisha.

Miaka ya sabini kulikuwa na mzee mlinzi wa duka la kona kwenye barabara yetu. Mmakonde wa Msumbiji, Mmawia kama tulivyowaita, mabaki ya siku za manamba. Uso wake ulijaa chale kuanzia paji mpaka kidevuni, na meno yamechongwa. Watu wazima walitutishia naye tusipolala. Akitokea jioni na rungu lake sisi tulikuwa tunapiga kelele: "Jimawia linakuja!" Li-. Siku moja nilirusha kipande cha tofali. Kilimpata begani. Aligeuka akasema maneno kwa Kimakonde, marefu, bila kupaza sauti, kisha akaketi kwenye boksi lake. Hakuna kati yetu aliyejua Kimakonde hata neno moja, lakini mpaka tunafika mwisho wa barabara tulishatafsiri: kasema atatula. Nilikuwa DJ kabla sijapewa shuka.

Sisi tulirusha tofali tukakimbia. Unguja mwaka 1995, siku za Popobawa, watu walikuwa wakilala nje kwa makundi wakiogopa zimwi lenye mbawa za popo, na katika hofu hiyo umati ulimuua kijana mmoja mgonjwa wa akili aliyekuwa ametoka bara kwenda kutafuta tiba. Hakuwa na mbawa. Alikuwa mgeni, hakuweza kujieleza, na ilikuwa usiku. Na hakuna filamu iliyohusika pale. Wala mkasi haukuhitajika, kwa sababu dakika zenyewe hakupewa.

Kwa hiyo mpwa wangu akisema picha hizi zina sumu, namkubalia kwa Fu Manchu, kwa wale wa kisiwani, na kwa panya wa Orlok. Akisema tuziache tusizionyeshe, hapo ndipo tunapoachana, maana naona anataka kushika mkasi ule ule kwa mkono mwingine. Nilimwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, akasema mjomba, wewe unalitetea jitu lako kwa sababu umelizoea. Inawezekana.

Ijumaa hii zamu ya kuchagua ni yake. Ataleta Fu Manchu, yote, bila kuruka kitu, na ameomba kabla ya kuwasha aseme yeye kwanza, robo saa, na kutafsiri atafsiri yeye. Nimekubali. Nimepewa kazi ya kahawa.